Orodha Mnayo, Itoeni

Kampuni ya bima inajua. Tuanzie hapo, maana kila udhuru utakaotolewa baadaye umejengwa juu ya uongo kwamba haijui. Inajua ni kliniki ipi ya fiziotherapia mjini Nakuru inayopokea kadi yake, ipi iliondolewa kwenye orodha mwezi uliopita, ipi inaidai fedha za miezi kadhaa, na kila kikao kinalipiwa shilingi ngapi. Inajua kwa sababu yenyewe ndiyo iliyotia saini mikataba, na yenyewe ndiyo inayopokea ankara. Habari hizo zimehifadhiwa vizuri katika kompyuta za ofisi za Upper Hill na Westlands, Nairobi. Anayenyimwa ni mmoja tu, naye ni yule aliyezilipia.

Mtu huyo ametolewa plasta jana. Goti halikunjiki. Daktari amemwandikia karatasi ya maneno machache: aende fiziotherapia mara tatu kwa wiki. Aende wapi, haikuandikwa. Atalipa nani, hakuambiwa. Amekabidhiwa karatasi akafunguliwa mlango, na tangu dakika hiyo yeye mwenye maumivu ndiye aliyegeuzwa mpelelezi.

Piga simu uone. Utachezewa muziki, utaambiwa mara kadhaa kwamba simu yako ina umuhimu mkubwa, kisha kijana mwenye sauti ya upole atakuuliza namba ya uanachama. Mwambie uko Kitale na unatafuta fizio wa karibu anayepokea kadi yako. Atakujibu uende kituo chochote kilicho kwenye paneli, yaani orodha ya vituo vya bima hiyo. Paneli iko wapi? Uulizie kituoni. Nenda kituoni ukaulize, nao watakuambia uwapigie bima. Nimemwona mtu mzima akizungushwa hivi, amesimama kwa magongo mbele ya dirisha la mapokezi, simu ameibana kati ya sikio na bega, huku msichana wa mapokezi akipiga miayo. Hakuna aliyemtukana. Hakuna aliyemdanganya waziwazi. Walimchosha tu, na mgonjwa aliyechoka hurudi nyumbani, na akirudi nyumbani kuna kampuni ambayo haitalipa hata senti mwezi huo.

Sisemi kwamba kuna watu walioketi mahali wakapanga iwe hivyo. Nasema ukimya huo una faida, na faida hiyo ina mwenyewe.

Wapo watakaosema ninakuza jambo dogo: si mtu ana simu, si atafute mwenyewe? Hao hawajawahi kuuguza. Malaria unapimwa leo, unapewa dawa leo, siku chache baadaye umerudi shambani. Fiziotherapia haiendi hivyo. Aliyepatwa na kiharusi, aliyevunjika nyonga, mtoto aliyezaliwa na mguu kifundo, dereva wa bodaboda aliyegongwa na lori barabara ya Thika, wote hawa watakwenda na kurudi kwa wiki nyingi, wengine kwa miezi. Ndiyo maana ukaribu wa mtaalamu ni sehemu ya tiba yenyewe. Mgonjwa wa Kilifi anayeelekezwa Mombasa mara tatu kwa wiki ameambiwa, kwa adabu, asiende.

Hebu mpandishe matatu mtu wa magongo saa moja asubuhi. Ngazi ziko juu, kondakta anapiga bodi kwa kiganja, abiria wa nyuma wanasukuma, na kiti kilichobaki ni kile cha katikati ambacho hata mzima hukunja magoti akikikalia. Mgonjwa wa namna hiyo hasafiri peke yake. Ana binti yake au jirani wa kumshika mkono, kwa hiyo nauli ni ya watu wawili, kwenda na kurudi, na msindikizaji naye ameacha kazi siku hiyo. Bima haimlipii yeyote kati yao nauli. Halafu wafike, waambiwe kadi hiyo haipokelewi hapa.

Na mwili haungoji idhini ya mtu. Msuli wa paja huanza kunywea ndani ya siku chache tu mguu ukilazwa. Kiungo kisichosogezwa hukakamaa, na kukirudisha kunauma mara nyingi zaidi kuliko kukizuia kisikakamae. Kwa mgonjwa wa kiharusi, miezi mitatu ya mwanzo ndiyo ambayo nguvu hurudi kwa kasi kubwa zaidi. Mkono ulioachwa umejikunja katika kipindi hicho unaweza kubaki hivyo maisha yote. Sasa hesabu mwenyewe: wiki ya kutafuta kituo, wiki ya kungoja barua, wiki ya kuambiwa barua haikuwa na muhuri. Miezi ile mitatu tayari imeumwa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 2.4 duniani wana hali za kiafya ambazo zingenufaika na huduma za utengamao, na maumivu ya kiuno peke yake yanabeba zaidi ya nusu bilioni ya hao. Mei 2023, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio la kuzitaka nchi ziingize huduma hizi katika mipango yao ya afya kwa wote. Kwa hiyo nisiambiwe kwamba fiziotherapia ni ya wachezaji wa raga na matajiri wenye kuumwa mgongo kwa kucheza gofu.

Turudi kwenye kadi, maana wajanja wanajificha ndani ya vipengele. Mlangoni mwa kliniki utaona nembo za kampuni za bima zimebandikwa kwa safu, na mgonjwa akiona nembo ya bima yake anashusha pumzi. Asiishushe. Kampuni moja ina skimu nyingi: ya walimu, ya benki fulani, ya kiwanda fulani, ya aliyejinunulia mwenyewe. Kila skimu ina orodha yake ya vituo na masharti yake. Ndiyo maana swali la kwanza la mapokezi ni “uko skimu gani?” na ndiyo maana mwenzako wa kampuni ile ile ya bima hupokelewa mahali ambapo wewe unakataliwa. Zaidi ya hapo, hospitali yenyewe inaweza kuwa kwenye orodha ilhali chumba cha fiziotherapia kilicho ndani yake kimekodishwa kwa mtaalamu anayejitegemea, mwenye ankara yake na mkataba wake, au asiye na mkataba kabisa. Unajua hilo ukiwa umeshavua viatu.

Kisha kuna kikomo. Mwenye bima husikia milioni moja, milioni mbili, akadhani amejikinga. Milioni hizo aghalabu ni za kulazwa. Ukiruhusiwa kutoka wodini, fiziotherapia huhamia kwenye fungu la wasiolazwa, fungu dogo ambalo pia ndilo linalolipia homa za watoto wako, vipimo vya mkeo na dawa zako za presha. Tuseme kikao kimoja ni shilingi 2,500 na daktari ameagiza vikao 24. Hizo ni shilingi 60,000 zinazotoka kwenye fungu la familia nzima. Na bado skimu nyingine huweka kikomo kidogo ndani ya kikomo, mahsusi kwa fiziotherapia, na idhini hutolewa kwa mafungu ya vikao vichache, kila fungu likihitaji barua mpya ya daktari, na barua mpya ikihitaji ada mpya ya kumwona daktari. Mtoto aliyezaliwa na tatizo la viungo naye anakutana na kipengele cha maradhi ya kuzaliwa nayo, ambacho hulipiwa kidogo au hakilipiwi kabisa. Yote haya yameandikwa katika kijitabu ambacho mwajiri alipewa nakala moja, ikafungiwa katika kabati la ofisi ya wafanyakazi.

Kununua bima ya namna hii ni sawa na kuuziwa tiketi ya basi la Mombasa, ukaambiwa kituo cha kupandia utakitafuta mwenyewe. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Katika biashara ya bima, kukusanya ndiko harusi. Ujumbe wa kukukumbusha ada unafika mapema, kwa jina lako, wenye namba ya kulipia, na ukichelewa siku chache unapigiwa. Anayeweza kukupata kwa ajili ya kulipa anaweza kukupata kwa ajili ya kukuambia fizio wako yuko wapi.

Tukija kwa SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii ya serikali, hasira yangu inabadilika sura, kwa kuwa huku hatukuchagua. Tangu 1 Oktoba 2024, NHIF, bima ya afya ya taifa iliyoanzishwa 1966, ilipoondoka, kila mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mapato yake yote, bila kikomo cha juu. Anayelipwa shilingi 100,000 alikatwa 1,700 enzi za NHIF. Sasa anakatwa 2,750. Mama mboga na fundi wa jua kali wanatakiwa watoe angalau 300 kwa mwezi, na wanatakiwa walipe ya mwaka mzima kwa mkupuo, kana kwamba kuna mtu anayeuza sukuma wiki kwa mwaka. Tuliambiwa Hazina ya Afya ya Msingi itagharimia matibabu katika zahanati na vituo vya afya. Vyema. Sasa nenda zahanati ya kwenu uulize chumba cha fiziotherapia kiko wapi. Utaonyeshwa chumba cha sindano, cha chanjo na cha kina mama wajawazito. Fizio kwa kawaida huanza kupatikana katika hospitali ya kaunti ndogo, ngazi ya 4, kwenda juu. Kwa hiyo penye huduma ya karibu isiyo na malipo hapana mtaalamu, na penye mtaalamu ndipo maswali ya nani analipa yanapoanza.

Tena SHA huingia mkataba na kituo. Kujua kwamba hospitali fulani imo hakukuambii kama ina fizio mmoja au watano, kama mashine ya umeme wa misuli inafanya kazi, kama foleni ni ya wiki mbili. Na mkataba wenyewe unaweza kulala usingizi wakati wowote. Februari 2025, hospitali za kibinafsi zilizo chini ya muungano wa RUPHA zilitangaza kusitisha huduma kwa wanachama wa SHA kwa sababu ya madeni. Viongozi walirushiana maneno kwenye televisheni, huyu akidai amelipa, yule akidai hajaona. Aliyekuwa kwenye kikao cha nne kati ya kumi na viwili alisomewa habari hiyo na bawabu wa lango.

Wakati huo huo kuna vijana waliohitimu fiziotherapia katika vyuo vya KMTC na vyuo vikuu vyetu ambao wanazunguka na bahasha mitaani wakitafuta kazi. Tuna goti lisilokunjika huku na tuna mwenye ujuzi wa kulikunja kule, na katikati tumeweka ukuta wa karatasi. Sitaki kulirefusha hilo. Magavana 47 wanalijua.

Sasa palipo na giza, matapeli hustawi. Mgonjwa aliyekosa kujua fizio wa kweli yuko wapi atampata wa uongo upesi sana, kwa sababu wa uongo ana bango kubwa. Amefanya kozi fupi ya masaji, amekodi chumba juu ya duka la dawa, amejivika koti jeupe. Nisieleweke vibaya: mkandaji wetu wa asili, mama anayemkanda mzazi siku za arobaini, namheshimu na ana mahali pake. Lakini bega la mgonjwa wa kiharusi limelegea kwenye tundu lake, na kulivuta kwa nguvu ili “kulirudisha” ni kulijeruhi. Mguu uliovimba baada ya upasuaji unaweza kuwa na damu iliyoganda ndani ya mshipa, na kuuchua kunaweza kuisukuma damu hiyo hadi kwenye mapafu ikaua.

Hili si jambo jipya wala si la Kiafrika. London mwaka 1894, magazeti na jarida la madaktari yalipofichua vyumba vya masaji vilivyokuwa vikifanya biashara nyingine kabisa, wauguzi wanne wa kike waliunda chama cha wakandaji waliofunzwa ili mgonjwa ajue nani ni nani. Chama hicho ndicho kilichokuja kuwa chama cha wanafiziotherapia wa Uingereza. Yaani taaluma hii, tangu kuzaliwa kwake huko, ilianza na orodha ya majina ya watu wanaoaminika. Sisi nasi tuna Sheria ya Wanafiziotherapia ya 2014, iliyounda Baraza la Fiziotherapia la Kenya, na kwa sheria hiyo hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi hii bila kusajiliwa na kuwa na leseni. Sajili ipo. Bima ina orodha, Baraza lina sajili, SHA ina mikataba, na hakuna aliyeona haja ya kuziweka tatu hizo katika ukurasa mmoja ambao mgonjwa wa Kitale anaweza kuufungua kwa simu yake.

Nimezipekua programu za simu ambazo baadhi ya kampuni zimezitoa, nisije nikaambiwa sikutafuta. Nyingi zinakupa jina la hospitali na mji. Fizio yumo au hayumo, haisemi. Skimu yako inakubaliwa au la, haisemi. Imeandikwa lini, haisemi. Jina bila tarehe ni uvumi.

Wanasheria wa kampuni watakohoa hapa, basi niwatajie Katiba. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji haki ya kupata habari anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa au huduma. Huduma niliyonunua ni kulipiwa matibabu. Habari ninazohitaji ili ninufaike nayo ni mahali pa kutibiwa na kiasi nitakacholipiwa. Hapo pana utata gani? Kifungu cha 43 kinazungumzia haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Na Oktoba 2023, siku ile ile ilipotiwa saini sheria ya bima ya afya ya jamii, ilitiwa saini pia Sheria ya Afya ya Kidijitali. Tulikatwa kidijitali mara moja. Kuelezwa kidijitali kunangoja nini?

Wamarekani, ambao mfumo wao wa bima hakuna mwenye akili timamu atakayeusifu, waliuonja ugonjwa huu kabla yetu. Kwao orodha zilikuwepo, lakini zilijaa wataalamu waliohama, waliostaafu, waliokwisha kuachana na bima hiyo na hata waliofariki. Wenyewe wakaziita mitandao ya mizimu. Mwishoni mwa 2020 Bunge lao likapitisha sheria ya No Surprises Act, ikaanza kutumika 1 Januari 2022. Inazitaka bima zihakiki orodha zao angalau kila siku 90, na zimjibu mwanachama ndani ya siku moja ya kazi anapouliza kama mtaalamu fulani yumo. Makali yake yako hapa: mgonjwa akiitegemea orodha akaenda, kumbe ina kosa, hatozwi zaidi ya ambavyo angetozwa kama mtaalamu angekuwemo kweli. Kosa la orodha halimwangukii mgonjwa. Mizimu haijaisha kule, na wagonjwa wao bado wanalalamika. Ila mgonjwa wa kule anapobishana ana kitu cha kushika mkononi. Sisi hatuna hata hicho cha kushika.

Nitaambiwa orodha hubadilika kila siku. Ni kweli, na kwa sababu hiyo hiyo iwe na tarehe. Shilingi 50 ikitoka kwenye M-Pesa yangu napata ujumbe kabla sijarudisha simu mfukoni; nchi iliyoweza hilo haiwezi kunishawishi kwamba kuondolewa kwa kliniki moja ya Kisumu kwenye paneli ni siri inayohitaji miezi kutangazwa. Nitaambiwa pia kuna ulaghai: kliniki zinazotia saini vikao ambavyo havikufanyika, na zinazogundua kwamba kadi ina salio basi mgongo ukahitaji vikao vingine kumi. Hilo sikatai, na wataalamu wenye heshima zao linawaudhi kuliko linavyoniudhi mimi. Tena zipo kliniki zinazopokea kadi kwa mkono mmoja na kwa mkono mwingine zinadai “nyongeza” isiyo na risiti. Lakini mlaghai hukamatwa na nani? Na mgonjwa anayejua kwamba ameidhinishiwa vikao sita vya bei fulani, na anayepokea ujumbe kila kimoja kinapotozwa. Ukimfungia habari mgonjwa, umemfukuza mkaguzi wa pekee aliyekuwemo chumbani.

Ninachodai hakihitaji kamati wala ziara ya mafunzo Singapore. Kila kampuni ya bima ya afya, na SHA pamoja nazo, itoe hadharani orodha ya wanafiziotherapia inaowalipia, kaunti kwa kaunti na kaunti ndogo kwa kaunti ndogo, yenye namba ya usajili ya Baraza, skimu zinazopokelewa, na tarehe ya mwisho kuhakikiwa. Kando yake iandikwe vikao vingapi vinalipiwa, kwa shilingi ngapi, na kama barua ya daktari inahitajika. Idhini ijibiwe ndani ya siku mbili za kazi. Siku hizo zikipita kimya, ihesabiwe imetolewa. Na pale orodha inaposema ndiyo na kliniki ikasema hapana, alipe mwenye orodha, nauli ya mgonjwa na ya msindikizaji wake ikiwemo. Mtaona orodha zitakavyokuwa safi ghafla.

Mpaka siku hiyo, ewe msomaji mwenye karatasi ya daktari mkononi, usiende kituoni kwa kuamini nembo iliyo ukutani. Piga simu kwanza kliniki yenyewe na utaje jina la skimu, usitaje kampuni tu. Waulize kama ankara ya fiziotherapia hutolewa na hospitali au na mtu mwingine, na nani huomba idhini, wao au wewe. Kisha iulize bima kwa maandishi, kwa barua pepe au kwa ujumbe wa simu, vikao vingapi, kikomo gani, kutoka fungu lipi, na ukilipa mwenyewe utarudishiwa kiasi gani na kwa stakabadhi zipi. Kwa maandishi, nasisitiza; sauti ya upole ya simu haina kumbukumbu siku ya ubishi. Mwombe mtaalamu namba yake ya usajili, na akinuna, ondoka. Na akiwa mbali mno, mwambie waziwazi siku ya kwanza. Mtaalamu mzuri atakufundisha mazoezi ya kufanya nyumbani na kukupangia vikao vichache vya kukukagua, badala ya kukupoteza kabisa.

Bima ikikaa kimya, peleka malalamiko yako kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, ambayo kazi yake kisheria ni kulinda maslahi ya wenye bima. Na ninyi wa IRA, hamhitaji sheria mpya ili kuandika waraka wa ukurasa mmoja. Andikeni. Kampuni zipewe siku 90 za kuchapisha orodha, na itakayoshindwa isiruhusiwe kuuza bima nyingine ya afya mpaka iichapishe.